Taa ya Maji ya Chumvi

Jana nilipita sokoni Konyo Konyo nikaona betri za redio zimepangwa juu ya bati, zinaota jua. Nikasimama. Rafiki yangu, wewe unajua: betri ikichoka unaianika, inapata roho kidogo, habari zinasikika. Lakini mimi nilikumbuka balbu yangu, na hasira ikarudi mbichi kabisa.

Vita vilikuwa vimekwisha, tumerudi kutoka Uganda, mimi na haboba, bibi yangu. Shuleni ustazi, mwalimu wetu, alitufundisha kutaja vitu vilivyoungana: mono ni moja, dayi mbili, trayi tatu. Kaboni monoksaidi, kaboni dayoksaidi. Tuliimba mpaka jirani yetu mwenye wake wawili tukamwita Bwana Dayi. Akacheka, akauliza, "Na nikiongeza mmoja?" Tukapiga kelele, "Trayi!" Mke mkubwa akatufukuza na mwiko.

Kisha ustazi akasema, ndani ya sukari atomi zinashirikiana, kama watu wa sahani moja. Kwenye chumvi mmoja anatoa, mwingine anachukua. Ndiyo maana sukari inayeyuka motoni upesi, chumvi inagoma. Tena maji ya chumvi yanapitisha umeme, balbu inawaka. Ya sukari, giza. Balbu iwake kwa maji! Nikaomba niwaonyeshe wenzangu. Ustazi akakubali.

Sukari ilikuwa adimu, ikichelewa na meli ya mtoni. Haboba alinipa kijiko huku anaguna: "Masomo gani hii inakula sukari?" Tulijaribu kwanza jikoni, kwenye kifuniko cha kopo. Sukari ikayeyuka, ikawa kahawia, ikanukia uani kote. Chumvi ikapasukapasuka tu, ikabaki nyeupe. "Hii iko kichwa ngumu," haboba akasema, "kama wewe." Bwana Dayi akanipa betri za redio yake, zilizochoka. Nikazianika, nikakaa nazo juani.

Darasani nikatumbukiza nyaya za betri na balbu kwenye maji ya chumvi. Kimya. Nikaongeza chumvi. Kimya. "Malesh, ya balbu!" wenzangu wakacheka, wanaipa pole balbu. Lakini niliona vipovu vidogo vinapanda kwenye nyaya! Nikahamisha nyaya kwenye maji ya sukari: hakuna hata kimoja. Nikaita, "Ustazi, njoo uone!" Yeye tayari alikuwa anafuta ubao.

"Andikeni: balbu iliwaka."

"Ustazi, haikuwaka."

"Mtihani unataka iliwaka."

Niliandika, nikibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Nikapata vema nyekundu kwa kitu ambacho hakikutokea. Vipovu vyangu havikupata kitu.

Sasa ustazi amehamishwa, Bwana Dayi ameondoka na redio yake, na haboba tumemzika. Jana nilinunua betri mpya, nikatia maji na chumvi nyingi kwenye kikombe cha chai cha haboba, nikakaa palepale jikoni. Balbu ikawaka, nyekundu kidogo, kama kaa linalokaribia kuzima.

"Haboba, imewaka!" nikaita kwa sauti.

Nikashika zile nyaya mpaka mkono ukachoka, namsubiri mtu aje aone.