Mfiwa wa Mfupa wa Kale

Wiki iliyopita, nikiwa sokoni Majengo, niliambiwa kwamba yule mwalimu wa baolojia aliyekuja Sumbawanga kutoka Mbeya kwa mwaka mmoja, akakaa mpaka akastaafu, amefariki na ameshazikwa Izia. Habari ile iliniuma sana. Miaka ya Ujamaa tulifundisha shule moja, mimi Kiswahili, yeye viumbe, na sijapata kuona mtu mwingine anayetembea akitazama chini muda wote kana kwamba kadondosha ufunguo. Alikuwa akitafuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Mfukoni mwake chaki ilikaa pamoja na kokoto, na siyo mara moja nilimkuta akijaribu kuandika ubaoni kwa kokoto. Mtanisamehe nikimcheka kidogo. Alipokuwa hai nilimcheka zaidi, na hakununa.

Kisa ninachokikumbuka ni cha wakati ule wa kuhamia vijijini. Watu wa bonde la Rukwa, kule chini ya mteremko wa Ufipa, walikuwa wameambiwa waache nyumba na mashamba yao waje wakae pamoja. Walipochimba msingi wa ghala la kijiji kipya wakakuta mfupa mkubwa, mzito kama jiwe. Wanakijiji wale, Wakatoliki wote, hawakuwa na maswali mengi: mfupa ni wa marehemu, na marehemu huzikwa. Wakauvika sanda, wakauchimbia kaburi, wakasimika msalaba. Katekista, kwa kuwa hakujua kama marehemu alibatizwa, alisali sala fupi. Habari zilipopanda hadi kwetu, mwenzangu alikosa usingizi. Jumamosi tukadandia lori la mahindi, tukashuka bondeni.

Balozi wa nyumba kumi alitukaribisha vizuri, lakini kuhusu kufukua akakataa katakata. Mwenzangu akaeleza kwamba huyo ni mnyama aliyekufa kabla binadamu hajakuwapo, kwamba mfupa umeshapigwa majembe, na masika yakiukuta kwenye udongo uliotifuliwa utasagika, wala hakuna atakayejua kamwe kiumbe gani aliishi pale. Bwana mmoja wa tarafa akamnong'oneza, "Usihangaike, mwalimu. Kesho nakuletea mgambo, utaupata kabla ya chai." Mwenzangu akatikisa kichwa kukataa. Ndipo dada wa balozi, bibi mwenye sauti ya chini, akasema, "Mwalimu, makaburi ya wazazi wetu tumeyaacha kule tulikotoka, kwa amri. Hili hatulifukui kwa amri. Marehemu anahamishwa na ndugu yake."

"Lakini bibi," mwenzangu akasema, "viumbe wote ni ukoo mmoja. Hata mimi na huyu mliyemzika, tukirudi nyuma sana, babu yetu ni mmoja."

Darasani wanafunzi wangenakili. Bibi yeye akasimama, akampa mkono. "Kumbe! Pole sana kwa msiba, mwanangu. Mfiwa hakai kwenye kiti."

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Siku ile kilichoponzwa ni nywele. Mwenzangu alikuwa na afro aliyoichana kila asubuhi kwa mapenzi makubwa kuliko aliyompa mchumba wake, na ilinyolewa yote, kama desturi ya wafiwa. Akakalishwa mkekani, watu wakapanga foleni kumpa pole wakiwa wamekaza nyuso. Pombe ya ulezi ikapikwa, nami nikaisaidia kupungua. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha wale waliokuja kumtania wakaanza kumweleza habari za makaburi yao, nani kalala wapi, chini ya mti gani, na kwamba sasa nyasi zimefunika. Aliwasikiliza wote, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. Matanga yalipovunjwa, wenyewe ndio waliofukua, kwa mikono, taratibu, bila jembe.

Miaka ile wengi wetu tulihubiri tukiwa juu ya malori kwamba elimu ni ya wananchi. Yeye hakuhubiri, alikaa chini. Angekubali mgambo angeupata mfupa ule mapema zaidi, na kijiji kizima kingekuwa kimenyang'anywa kaburi jingine. Nadhani elimu isiyoweza kuomba ruhusa ni wizi tu wenye cheti.

Mfupa ukapelekwa Dar es Salaam kwa wataalamu. Bibi aliuliza, "Atarudi?" Mwenzangu akamjibu, "Atarudi, bibi." Kila alipokwenda Dar mwenzangu aliulizia, na kila mara akaambiwa kwa upole kwamba bado unachunguzwa. Bibi akafa. Balozi akafa. Yeye akastaafu, akaendelea kuulizia, nami nikaendelea kumcheka.

Sasa naye hayupo. Undugu, nimejifunza kwake, ni kazi, na kazi yenyewe haiishi matanga yakivunjwa. Mmoja akiondoka lazima mwingine aishike. Mwezi ujao nina safari ya Dar es Salaam. Nitakwenda kubisha hodi kwa wale wataalamu, na wakiniuliza mimi ni nani, nitawaambia mimi ni mfiwa.