Kakesio Kila Siku Kuzuri

Ofisini kwetu Karatu, ambako kazi yangu ni kupanga safari za ndege ndogo, hali ya hewa hutufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kompyuta. Hiyo huonyesha nchi nzima kwa rangi, na huweza kuipaka Ngorongoro kijani kibichi asubuhi ambayo sisi tukitoka mlangoni hatuoni ng'ambo ya barabara kwa ukungu. Ya pili ni simu. Kila kiwanja cha porini tunakotua kina mtu wetu wa kutupa habari: mwalimu, askari wa wanyamapori, muuguzi. Katika kiwanja cha Kakesio, mtu wetu alikuwa mwenye duka, mfugaji wa Kimaasai aliyejenga duka lake pale mtandao unaposhika.

Jinsi ya kuzungumza na watu hawa tulifundishwa na mtaalamu kutoka Dar es Salaam, katika semina yenye chai na maandazi. Alisema maneno mengi ni adui wa usalama. Mtu aulizwe mambo matatu tu: mawingu, upepo, kiwanja. Tukabandika utaratibu huo ukutani. Tangu hapo nilimpigia mwenye duka bila kupoteza muda. Habari za mawingu? Nzuri. Upepo je? Mzuri. Na kiwanja? Kizuri kabisa. Nilimpa rubani taarifa, naye akaondoka. Rubani wetu mkongwe, mtu wa Mbulu mwenye maneno yake, alikuwa akisema akistaafu atahamia Kakesio, maana ndiko mahali pekee duniani pasipojua siku mbaya.

Asubuhi moja ya masika muuguzi wa zahanati ya huko alitupigia. Mama mmoja alikuwa na uchungu tangu usiku, mtoto amelala vibaya tumboni, na barabara ya kwenda hospitali ya Endulen imekatwa na mto. Alihitaji kupasuliwa, na njia iliyobaki ilikuwa ndege ya kumpeleka Arusha. Nilimpigia mwenye duka. Nzuri, mzuri, kizuri. Nikatazama kompyuta: kijani. Ilikuwa mara ya kwanza mashahidi wangu wawili kukubaliana.

Rubani aliruka, na baadaye akarudi bila mgonjwa. Kuanzia ukingo wa Kreta ya Ngorongoro hadi ng'ambo, alisema, hakuna kitu ila wingu. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti changu akachukua simu, akaiweka spika.

"Leo tumsalimie kama watu."

Akaanza na ng'ombe. Ng'ombe wazima. Ndama je, na watoto, na wazee, na mbuzi? Wote wazima. Mimi nilikuwa nikitazama saa, nikimwaza yule mama na, nakiri, yule mtaalamu. Walipofika kwenye malisho, mwenye duka alisema nyasi ni nzuri mno, kwa sababu mvua haijakatika tangu jana. Hata ng'ombe hawaendi tena mtoni, wanakunywa hapo hapo kiwanjani, upande wa chini, ambako maji yametuama. Rubani hakubadilisha sauti. Na upande wa juu? Pana mawe mawe, lakini pakavu. Na ukungu? Umelala milimani, ila upande wa Ziwa Eyasi anaona mpaka mbali.

Hapo rubani akamuuliza kwa upole kwa nini hakuyasema hayo mapema.

Mwenye duka alijibu bila kuzunguka.

"Kaka, huyo mgonjwa ni mke wangu. Ningeanza na ukungu, mngekuja?"

Rubani akanitazama, nami nikautazama ukuta. Utaratibu wetu uliandikwa waziwazi: ukungu ukiripotiwa, safari inaahirishwa. Mwenye duka hakuhudhuria semina ile, lakini alikuwa ameielewa vizuri kutushinda.

"Tungekuja kwa njia nyingine," rubani alimwambia. "Sasa toa ng'ombe hapo. Washa moto wa moshi upande wa juu, nijue upepo unakotoka."

Tukapanga upya. Kuzunguka kupitia Eyasi kulitaka mafuta mengi. Nusu ya kiwanja ilitaka ndege nyepesi. Tuling'oa viti vya nyuma, tukateremsha kila kisichohitajika, mpaka ikabaki nafasi ya mama na muuguzi. Mume hakuwa na nafasi. Aliambiwa hivyo akiwa amemshika mkewe mkono mlangoni pa ndege, na rubani aliniambia baadaye kwamba alijibu, "Sawa," akarudi nyuma kufukuza ndama.

Jioni hospitali ya Arusha ilipiga simu. Mama amepasuliwa, amelala. Mtoto ni wa kike na ana sauti. Nikampigia mwenye duka nikamweleza. Alishusha pumzi ndefu, akauliza ni lini ndege itawarudisha nyumbani. Kabla sijajibu akaniambia mvua bado inanyesha, maji yamefika katikati ya kiwanja, na tusithubutu kuja mpaka atakapotuita mwenyewe.