Jovita na Kemshafti Iliyokufa Mapema

Mwezi ukiwa mpevu juu ya Ziwa Tanganyika, wavuvi wa dagaa hulala majumbani mwao. Taa zao hazifui dafu mbele ya mwanga ule, na dagaa hawaji. Mitumbwi hukaa mchangani Kibirizi, wachuuzi hupumua, na magari yote yaliyokuwa yakikohoa kwa kukosa nafasi ya kutibiwa hupelekwa gereji kwa mkupuo. Mafundi wa Kigoma na Ujiji huufuata mwezi kuliko kalenda ya ukutani. Mwezi ukiwa mkubwa, kazi imejaa. Giza likirudi, kila mwenye gari analitaka gari lake barabarani.

Kwa hiyo Jovita hakushangaa kuona magari yamejipanga uani kwake Ujiji asubuhi ile. Kilichomshtua ni pikapu iliyoingia ikivutwa kwa kamba. Ilikuwa pikapu ya zamani, ya petroli, mali ya Honorata, mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi. Kemshafti ya injini yake aliifunga Jovita kwa mikono yake, ikiwa mpya kabisa, na hata mwaka haukuwa umepita.

Honorata mwenyewe aliteremka kwenye bodaboda nyuma ya gari lake, kanga imefungwa kiunoni kama mtu aliyekuja kupigana.

"Mwakeye, dada," Jovita alimsalimu kwa Kiha.

"Salamu baadaye. Gari limekufa kwenye mlima wa Mwandiga, na mzigo wa watu mgongoni. Fundi pale kalisikiliza, akaniambia kemshafti imelika. Imelika! Ile uliyoniambia ni mpya!"

"Kaa kwanza, tuongee."

"Sikai. Kibirizi nzima nimekupigia debe mimi. Sasa nimewaambia leo asubuhi: Jovita kanifungia chuma cha kuokota."

Watu wote uani waligeuza shingo. Hata mwenye kupuliza matairi alizima mashine yake ili asikie vizuri.

Maneno yale yalimchoma Jovita kuliko matusi. Jina lake mjini halikuja kwa urahisi. Baba yake, Martini, alikuwa fundi wa karakana ya reli, na Jovita alikuwa akimpelekea chakula cha mchana, kisha anakawia makusudi ili amwone akifungua mashine. Alipofungua gereji yake, wanaume walikuja kutazama tu. Walikunja mikono, wakacheka kidogo, wakapeleka magari kwingine. Aliyevunja mwiko ule alikuwa Honorata. Alimletea pikapu, akarudishiwa ikiwa nzima kabisa, kisha akawatangazia wenzake ufukweni kwamba Ujiji kuna mwanamke anayeijua injini. Mdomo uliomjenga Jovita ndio huo uliokuwa ukimbomoa.

Honorata alipoondoka, Elia, yule wa matairi, alisogea taratibu.

"Dada Jovita, hili jambo dogo. Mtupie Nikodemu lawama. Si ndiye aliyekuuzia spea? Spea za siku hizi bati tupu, kila mtu anajua."

"Na kama Nikodemu hana kosa?"

"Ataapa, watu hawatamwamini. Wewe utakuwa umepona."

"Na kama kosa ni langu, Elia?"

Elia alimtazama kana kwamba ameongea Kichina. "Fundi gani anajitafutia kosa mwenyewe?"

Lakini ndivyo alivyokuwa Jovita. Kazi yake ikirudi mbovu, mtu wa kwanza kumshuku alikuwa yeye mwenyewe. Hakufanya hivyo kwa unyonge. Aliona tu kwamba fundi asiyejikagua hurudia kosa lilelile kwenye gari la mtu mwingine.

Alifungua kifuniko cha juu cha injini, akaizungusha kwa mkono kwa spana. Vali zilianza kupanda na kushuka, moja baada ya nyingine, ila moja haikufunguka vizuri. Ilichungulia tu, ikarudi. Ya jirani yake ilikuwa karibu vivyo hivyo. Hapo hakuhitaji kuambiwa kwa nini pikapu ilishindwa mlima: injini ilikuwa inavuta pumzi kwa pua moja.

Akaitoa rejeta, akafungua mbele ya injini, akaivuta kemshafti polepole mpaka ikatoka yote. Ni mhimili wa chuma wenye nundu, kila nundu ina umbo la yai. Mhimili ukizunguka, ncha ya yai huisukuma tapeti, tapeti huisukuma fimbo, na fimbo huifungua vali. Nundu mbili za pikapu ya Honorata hazikuwa na ncha tena. Zilikuwa zimelika hadi zikakaribia kuwa duara, na tapeti zilizokuwa zikikaa juu yake zilikuwa zimechimbika kama kisigino cha ndala iliyovaliwa sana.

Jovita aliketi na chuma kile mapajani, akaanza kujihoji. Je, alirudisha tapeti za zamani kwenye kemshafti mpya? Hapana, alikumbuka alivyozipaka grisi zikiwa bado zinang'aa. Je, springi za vali zilikuwa ngumu kupita kiasi? Alizitoa, akazipanga na za injini nyingine ya aina hiyo, akazibonyeza kwa zamu. Zilikuwa sawa. Je, aliacha tundu la oili limeziba? Alipuliza kila tundu kwa upepo wa Elia, na kila tundu lilipitisha. Pampu ya oili aliifungua pia, akaikuta nzima.

Ilibaki hoja ya Elia. Jovita alichukua tupa ndogo, akaisugua pembeni mwa nundu, mahali ambapo tapeti haifiki kwa nguvu. Chuma laini kingeng'atwa. Tupa iliteleza kama juu ya kioo. Kisha akatazama sehemu za duara ambazo mhimili hukalia ndani ya injini. Zilikuwa nzuri mno, bado zina michirizi myembamba ya kiwandani.

"Nikodemu hana kosa," alimwambia Elia. "Chuma hiki ni kipya na ni kigumu. Oili ilikuwa inafika. Lakini ikifika, haikuwa inafanya kazi ya oili."

Alirudi kwenye beseni alimomwaga oili ya injini. Akachovya vidole, akavisugua. Ilikuwa nyeusi, sawa, lakini nyepesi kuliko alivyotarajia, na harufu yake alikuwa anaijua kutoka mahali pengine. Akaisogeza puani tena. Ilikuwa harufu ya Kibirizi asubuhi, boti zinapowashwa.

Karibu na pikapu alikuwa ameketi Mzee Urbanus, dereva wake aliyekuja nayo asubuhi, akifuta vioo ambavyo havikuwa na vumbi. Alikuwa mjomba wa Honorata, ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki. Ujana wake wote aliutumia kuendesha boti kati ya Kagunga na Kigoma, na mashine za boti alizitengeneza mwenyewe katikati ya ziwa, mawimbi yakimpiga. Magoti yalipomkatalia maji, mpwa wake alimpa usukani wa pikapu.

"Shikamoo, mzee wangu," Jovita alisema, akachuchumaa kando yake.

"Marahaba, binti. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Ninamtafutia dawa. Mzee, oili ikipungua, huwa unaongeza?"

Uso wa Mzee Urbanus ulichangamka. "Sijawahi kuiacha ipungue! Kila nikipima, naongeza. Na siongezi hizi za ovyo za kwenye chupa za maji." Akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa kidumu. "Naitia hii. Hii ndiyo iliyokuwa ikinifikisha Kagunga na kunirudisha. Mashine yangu haikuwahi kuzima ziwani hata siku moja."

Ilikuwa oili ya boti, ile inayochanganywa na petroli.

Jovita alikipokea kidumu, akakigeuza asome maandishi yake. Oili ile imetengenezwa iungue pamoja na petroli na kutoka na moshi. Ni nzuri kweli, lakini mahali pake. Haina ile dawa inayozuia chuma kisile chuma pale nundu inapoikandamiza tapeti, mzunguko baada ya mzunguko, bila kupumzika. Kila mara mzee alipoongeza kwa mapenzi yake yote, alikuwa akiivua kemshafti nguo.

Uani kulikuwa na watu, wengi wao wakiwa wameyasikia maneno ya Honorata. Jovita angeweza kusimama pale pale na kuinua kidumu juu. Badala yake aliinama, akamweleza mzee kwa sauti ya chini, akimwonyesha nundu na tapeti, mpaka alipoona ameelewa.

Mzee Urbanus alipitisha kidole kwenye nundu iliyolika. "Kwa hiyo ni mimi niliyeiua."

"Umeitunza kama boti, mzee."

"Honorata lazima ajue?"

"Akiniuliza sitamdanganya. Lakini kwenye kulitaja jina lako, sitatangulia mimi."

Honorata alirudi jioni, hasira haijapoa. Jovita alimwekea kemshafti mezani, akamwonyesha kilicholika na kilichobaki kizima, akamweleza kwamba chuma kilikuwa kipya na tatizo lilikuwa oili.

"Oili gani? Nani kaitia?"

Jovita alifuta meza. Aliifuta tena. Elia alifungua mdomo, na Jovita akamkata jicho, naye akaufunga.

"Mimi," alisema Mzee Urbanus. Alisimama kwa shida, kidumu mkononi. "Nimeitia ya boti, mwanangu. Toka siku ya kwanza. Fundi amelijua tangu mchana, akalifunika ili nisiaibike mbele za watu."

Honorata aliketi, mara ya kwanza siku ile. Alimtazama mjomba wake, kisha Jovita, kisha kile chuma.

"Na mimi nimeshamtukana fundi Kibirizi nzima," alisema taratibu.

"Basi twende Kibirizi," mzee akajibu. "Ulikosemea wewe, nitasemea mimi."

Kesho yake walikwenda wote watatu. Jovita hakutaka, lakini Honorata alimshika mkono kama mtu anayempeleka mgeni rasmi. Ufukweni wavuvi walikuwa wakishona nyavu, wanawake wakipepeta dagaa wa akiba, na madereva wameegemea magari yao kungoja mwezi upungue. Mzee Urbanus aliinua kemshafti iliyolika juu ya kichwa chake, akaeleza kila kitu bila kujipunguzia. Honorata akamalizia: aliyemwita Jovita tapeli ni yeye, na amekosa.

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi kwenye mitumbwi.

"Mjomba, kumbe pikapu ulitaka iogelee!" mwanamke mmoja alipiga kelele, ungo mkononi.

"Angeifunga na nanga kabisa!"

Mzee mwenyewe alicheka mpaka akashika magoti. Honorata naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu gari lilipozimika, na mkono wa Jovita hakuuachia.

Ila dereva mmoja kijana, Clinton, hakucheka. Alimzunguka Jovita kwa nyuma, akajifanya anatazama ziwa.

"Mama fundi. Hiyo oili ya boti... mtu akitia mara moja tu, kuna neno?"

"Mara moja?"

"Au... mara moja moja."

Nyuma yake dereva mwingine alikohoa, akaanza kusogea upande wa lori lake bila kumwangalia mtu.

Jovita alikunja mikono ya ovaroli. "Fungua boneti," alimwambia Clinton. "Na wewe mwenye lori, usinikimbie. Leta na hicho kidumu chako."