Mafuta Mekundu Chini ya Gari la Remmy

Makarius Komba aliendesha malori ya ushirika tangu ujana wake, leo anabeba mahindi, kesho tumbaku, mpaka ushirika ulipoyumba na madereva wakapunguzwa. Akarudi nyumbani kwake Matarawe, Songea, na blanketi lake la safari na sufuria iliyokolea masizi. Mwanawe Remmy alikuwa mmoja wa wale vijana walioingia kwenye biashara ya tumbaku huko Namtumbo wanunuzi binafsi waliporuhusiwa. Hakupenda kumwona baba yake amekaa kibarazani. Akamletea gari dogo la Kijapani, otomatiki, lililoteremshwa bandarini Dar es Salaam likiwa limeshatumika.

"Piga teksi, baba," alimwambia. "Usikae bure."

Kisha zikaja mvua za Elinino, na Remmy akaugua. Alikuwa amepanga kwa shangazi yake Ida, katika kijiji cha kwao kilicho mbele kidogo ya Namtumbo, na huko huko akalala kitandani. Makarius na mkewe Benigna walikuwa wakijiandaa kwenda kumchukua ndipo kiharusi kilipomwangusha Makarius uani, ndoo ya maji mkononi. Benigna akabaki hospitali kumuuguza mumewe. Remmy akafa. Benigna alikwenda kuzika, na kesho yake akarudi wodini. Makarius hakuambiwa mpaka alipoweza kukaa.

Kiangazi kilipoingia alikuwa nyumbani, mkono wa kulia umekufa, mguu unaburuzwa, maneno yanatoka moja moja. Kila asubuhi Benigna alipomnywesha uji, Makarius alisema neno lile lile.

"Kaburi."

Kupanda basi hakuweza. Alfani, jirani yao, Myao wa Tunduru aliyewahi kuendesha malori pamoja naye, akajitolea kuwapeleka kwa gari lao wenyewe. Akaliwasha, akatia gia. Injini ikanguruma, gari likagoma kusogea, mara likaruka mbele kama lililopigwa teke. Lilipozimwa, mchanga chini yake ulikuwa umelowa.

"Wallahi, mama, hizi otomatiki mimi sizijui," alisema Alfani. Fundi waliyemwita alisema gia boksi imekwisha, iagizwe nyingine Dar. Makarius akatikisa kichwa. Alfani alikuwa na safari ya Njombe, lakini kabla ya kuondoka alilipandisha gari kwa jeki na kulikalisha juu ya magogo mazito, akalisukuma kwa bega kuhakikisha halichezi.

Benigna akabaki na mumewe na gari.

"Kadibodi," alisema Makarius kutoka kwenye kiti chake.

Benigna akatandika kadibodi chini ya gari, wakasubiri. Alipoitoa ilikuwa na madoa.

"Rangi?"

"Nyekundu, baba Remmy."

"Nusa. Yameungua?"

Benigna akainusa. "Hayajaungua. Ni harufu ya mafuta tu."

Uso wa Makarius, ule upande uliokuwa bado unatii, ukalegea. Mafuta mekundu yalikuwa ya gia boksi, si ya injini. Na kama hayakuungua, basi gia boksi ilikuwa hai, imekauka tu. Akamwambia apafute chini kote kwa kitambaa na mafuta ya taa, kisha apake unga. Benigna akadhani hakumsikia vizuri.

"Unga huu wa kula?"

"Unga."

Akapaka unga wa mahindi, akawasha gari, akainama kuchungulia. Mstari mwekundu ukajichora kwenye weupe ule, ukitokea kona ya nyuma ya sampu, lile bakuli la bati linalofunika gia boksi kwa chini. Gasketi yake ilikuwa imepasuka.

Injini ilipopoa Benigna akaingia chini na spana. Hakuwahi kulala chini ya gari maishani mwake. Makarius alisogezwa karibu na mlango wa gari, akawa anagonga bati kwa mkono wa kushoto: kugonga mara moja, endelea; kugonga mfululizo, acha. Bolti zikatoka, mafuta yakamwagika kwenye beseni na kumlowesha hadi kwenye kiwiko.

"Smaku," alisema Makarius, akiulizia sumaku ya ndani ya sampu inayonasa vipande vya chuma. "Chembe... au vumbi?"

"Vumbi tu. Laini."

"Afadhali." Chembe zingemaanisha gia zimesagika.

Pale chini, uso ukitazama tumbo la gari alilolinunua mwanawe, Benigna alianza kulia. Msibani hakulia, alikuwa anawaza dripu aliyoiacha inatiririka wodini. Nyumbani hakupata nafasi, maana mgonjwa alikuwa akimtazama kila saa. Sasa hakuna aliyemwona. Makarius alisikia spana imenyamaza. Hakugonga. Akasubiri mpaka ilipoanza tena.

Kukata gasketi hakukumpa shida, kwani alikuwa mshonaji. Alinunua karatasi yake dukani karibu na soko, akaiwekea sampu juu, akaizungushia chaki kama anayechora kola ya gauni, akakata. Aliirudisha sampu akikaza bolti kwa kupishanisha kona, kidogo kidogo, kama alivyoelekezwa. Mafuta mapya akayamimina kwa faneli kwenye tundu la stiki ya kupimia mafuta, injini ikiunguruma, akisogeza gia zote na kurudi kupima. Asubuhi kadibodi ilikuwa kavu.

Alfani aliporudi aliliteremsha gari kutoka kwenye magogo, wakaondoka. Barabara ya vumbi, mashamba yamevunwa, Makarius kiti cha mbele, macho hayabanduki kwenye njia aliyoipita nusu ya maisha yake. Gia hazikuteleza hata mara moja.

Ida aliwapokea kwa kilio, akawapeleka kaburini nyuma ya migomba. Makarius alitaka kutupa udongo. Benigna akamwekea kwenye kiganja cha kushoto, Makarius akakataa.

"Wa kulia."

Benigna akamfumbia udongo kwenye mkono uliokufa, akauinua juu ya kaburi, kisha akavifumbua vidole vyake kimoja kimoja mpaka udongo ukadondoka wote.

"Ida," alisema Makarius. "Aliniulizia?"

"Aliwaulizia wote wawili, kaka. Kila gari likipita. Nilimwambia mnakuja."

Benigna akageuka akatazama migomba.

Wakati wa kurudi waliipita Namtumbo. Kisha Benigna, aliyekaa nyuma, akasema, "Nilikuwa na wewe, baba Remmy. Ningefanyaje? Nilikuwa na wewe."

Makarius akapitisha mkono wa kushoto nyuma ya kiti. Benigna akaushika, akaushikilia mpaka Songea.

Kabla mvua nyingine hazijaanza, kiharusi kilirudi, na safari hiyo Makarius hakuamka. Alizikwa kando ya mwanawe. Benigna alirudi Matarawe kwenye cherehani yake, na watu wanaendelea kumwita mama Remmy, naye anaitika.