Moshi wa Kichwa cha Kongoni

Asubuhi hiyo nilikuwa nyuma ya bucha la nyamapori, nakwangua miguu ya nyati. Mume wangu, Elia, ndiye aliyekuwa mkataji pale. Tajiri mwenye bucha alikuwa na kibali chake ukutani, na wateja wake wa Same mjini walitaka paja na mgongo, basi. Vichwa, miguu, mapafu, bandama na utumbo vilibaki kwangu. Nilivipika supu na kuuza hapo hapo kwenye benchi.

Makongoro ya nyati hayataki haraka. Unayababua manyoya kwenye moto wa kuni, unakwangua kwa kisu butu, unachemsha na kumwaga maji ya kwanza, ndipo unatia tangawizi, limao na magadi kidogo. Mapafu unayakamua ndani ya maji mpaka damu yote itoke, la sivyo yanavimba sufuriani na kuinua kifuniko.

"Mama Neema, leo unatulisha viatu vya nyati?" aliniuliza dereva mmoja wa bodaboda.

"Viatu, ndiyo. Ila soksi nimeshavua."

Watu wakacheka. Elia akachungulia dirishani na aproni yake ya damu, akasema basi hizo soksi nizifue. Neema nilikuwa nimembeba mgongoni. Hakuwa ameanza hata kutembea.

Kabla ya saa sita kengele ya kanisa ikaanza kugongwa ovyo.

Ugomvi tuliujua. Ulikuwa wa maji ya mfereji. Wafugaji waliingiza ng'ombe kwenye mahindi yetu wakati wa kiangazi. Vijana wetu wakawakata ng'ombe mishipa ya miguu, wakawaacha wanagaragara juani. Wafugaji wakamchoma mkuki mtu wetu aliyekuwa zamu ya maji. Wetu wakaenda kuchoma boma lao, na ndani mlikuwa na bibi kizee aliyeshindwa kutoka. Nayaandika yote kwa sababu kwenye mikutano kila upande husimulia nusu yake.

Siku ile walikuja na mishale, mapanga na bunduki. Walianzia nyumba za chini.

Nilimwona jirani yangu akikimbia na mshale ubavuni, ameushika kwa mkono kama mtu aliyeshika kanga isimdondoke. Alianguka mbele ya duka. Hakuinuka.

Tajiri alipakia mapaja na migongo kwenye pikapu. Elia akamwambia apakie watoto.

"Narudi sasa hivi," alisema. Nyama ilifika Same salama. Yeye hakurudi.

Elia akaokota kilichobaki: kichwa cha kongoni kilichokwisha kung'olewa pembe, makongoro, utumbo na mapafu. Akatia kwenye gunia. Mimi nikabeba sufuria na mkaa. Tukapanda na familia kadhaa mpaka kwenye korongo chini ya mlima, penye maji yanayodondoka mwambani. Zaidi ya hapo hatukuweza. Tulikuwa na majeruhi, na njia ya juu ni mwamba mtupu, kila mtu anakuona. Tulipiga simu tukaambiwa msaada uko njiani.

Baadaye alifika Zakaria, kaka mkubwa wa Elia, na wanaume wake wa sungusungu. Walikuwa na mapanga na gobore moja.

Siku ile nilipika chini ya mwamba kwa mkaa, kwa kuwa mkaa hautoi moshi. Makongoro sikuyababua, niliyachuna ngozi yote. Utumbo na mapafu niliyapika kwa chumvi tu. Yalikuwa na harufu ya zizi, lakini watoto walikunywa supu wakanyamaza. Chini bondeni tulisikia miluzi. Walikuwa wanapekua vichaka kimoja kimoja, bado hawajajua tuko wapi.

Kesho yake mchana Zakaria akauliza kichwa kiko wapi. Kwao kichwa cha mnyama ni cha wanaume, na lazima kibabuliwe, kipikwe na ngozi yake.

"Nitakichuna, shemeji," nilimwambia. "Tukikibabua, moshi na harufu ya manyoya vitashuka mpaka kwa hao wanaotutafuta."

"Kichwa cha kuchunwa ni chakula cha mbwa. Hawa wanakwenda kupigana, unawapa kichwa uchi?"

"Watakula cha kubabua wakifika nyumbani wazima."

"Elia, mwambie mkeo. Hata hivyo kichwa si kazi yake."

"Kaka, anasema kweli," Elia alijibu. "Subiri kidogo."

"Bucha la watu limekuharibu wewe. Umesahau nyumbani tunakulaje."

Wanaume wakacheka. Zakaria akakusanya matawi makavu, akawasha moto mwenyewe.

Manyoya yakishika moto harufu yake haijifichi. Moshi ulisimama wima juu ya korongo, halafu upepo ukaulaza kuelekea tambarare.

Miluzi ikakoma.

"Mpeleke mtoto juu," Elia aliniambia. "Sasa hivi."

Nilipanda mwamba kwa mikono na magoti. Nilipogeuka, yeye alikuwa amerudi kuuzima ule moto. Alikuwa anaufukia kwa mchanga kwa miguu.

Mshale wa kwanza ulimpata pajani.

Wa pili chini ya kwapa.

Akapiga magoti. Aliyemfikia na panga alikuwa kijana wa rika langu. Aliendelea kupiga hata pale ambapo hakukuwa na sababu tena.

Nyuma ya jiwe nilimziba Neema mdomo kwa ziwa langu. Sikulia. Zakaria alinipita akipanda, mikono yake myeusi kwa masizi. Hakunitazama.

Msaada ulifika jioni, wafugaji wakiwa wameshaondoka. Elia na wenzake waliokufa walitolewa korongoni kwa machela za magunia. Yeye tukampeleka kijijini kwao, Vudee. Hawakuniruhusu kumfunua uso. Nilimfunua.

Neema sasa yuko shule ya msingi. Kwenye mkutano wa amani uliofuata mazishi, Zakaria ndiye aliyezungumza kwa niaba yetu, akasema tulisalitiwa na mtu aliyewapigia wafugaji simu. Nikasimama nikasema hakuna aliyewapigia, tulifichuliwa na moto wake.

"Kaa chini, Mama Neema. Una uchungu," mwenyekiti aliniambia.

Mwezi uliofuata Zakaria alikuja kwangu na wazee wawili. Alisema mjane wa mdogo wake hafai kuishi peke yake, kwamba nihamie kwake na mtoto. Niliwasalimia wazee shikamoo, nikawapa viti. Kisha nikamgeukia yeye.

"Shemeji, siku ile ulipika mwenyewe. Endelea kujipikia."

Wazee wakaguna. Wanasema nina ulimi mkali, na ni kweli ninao.

Waliomuua Elia nawachukia, na sijui kama nitaacha. Lakini najua walichotaka: maji, malisho, na kisasi cha yule bibi aliyeungua. Kuna mwanamke wa upande wao ambaye mumewe aliuawa na watu wetu. Tukikutana sokoni hatusalimiani, wala hatutukanani. Zakaria ndiye nisiyeweza kumweka popote moyoni. Hakutaka ardhi wala kisasi. Alitaka tu kula vizuri.