Tuktuk Inayotakiwa Uani

Jambo la kwanza unalolitambua kwa Mulki, muuza maziwa ya ngamia mjini Garissa, ni kwamba mkono wake hutoa kabla mdomo haujakubali. Aliponunua tuktuk ya umeme, aliomba bei nafuu ya umeme wanayopewa wanaochaji magari nyumbani, ili amudu friji ya kupozea maziwa. Sharti lilikuwa moja: mkaguzi wa kampuni ya umeme aikute tuktuk uani.

Mkaguzi alipokuja mara ya kwanza, tuktuk ilikuwa imebeba maharusi. Mara ya pili, ilikuwa imempeleka mbuzi wa shemeji yake kwa daktari.

“Mama, hii tuktuk ipo kweli?”

“Ipo. Garissa nzima wameipanda.”

“Basi nimebaki mimi.”

Mkaguzi akampa nafasi ya mwisho, Alhamisi saa nne. Asubuhi hiyo akaja mpwa wa Mulki, Abshir.

“Habaryar, mama yangu mdogo, nipe ufunguo. Dakika kumi tu.”

Mulki hajawahi kumnyima jamaa. Alimpa ufunguo papo hapo. Lakini magurudumu yote matatu alikuwa ameyafungua usiku, yako chini ya kitanda chake mwenyewe.

Saa nne kasorobo, tuktuk ilikuwa juu ya matofali, Abshir amenuna ndani yake, na Mulki yuko langoni akimsubiri mkaguzi.