Mahali pa Kumweka Shosho

Mchana wa Kitale una saa yake ya usingizi. Jua la asubuhi limeshamaliza kazi, mawingu yanashuka kutoka Mlima Elgon bila haraka, na mtu aliyekula ugali akashiba huanza kuona vitu ambavyo havipo. Mimi saa hiyo niliona boma. Nilikaa mezani kwangu, mtaa wa Matisi, kompyuta mbele yangu, macho nusu wazi, na tovuti ya kikundi chetu ikageuka boma lenye vyumba vingi. Ukurasa wa mbele ulikuwa geti, menyu ilikuwa kijia cha kuingilia, na huko ndani wanawake walipika wakiitana kupitia madirishani. Mume wangu alipita akauliza kama nalala ama nafanya kazi. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui.

Kikundi chetu ni cha watu wa vyakula vya kienyeji. Nusu wako upande wa Bungoma, nusu huku Kitale. Kila mmoja ana paswadi yake, anaingia kwenye tovuti anapotaka na kuandika anavyopanda na anavyopika. Uzuri wake ni huo, na balaa lake ni hilo hilo. Kunde zilikuwa na kurasa kibao, hakuna uliojua habari za mwenzake. Picha ya mboga ya saga ilikuwa imelala ubavu. Mtu mmoja alieleza upishi wa maboga kwa herufi kubwa tupu, ukisoma unadhani unagombezwa. Katikati ya mapishi ya managu, yaani mnavu, palikuwa na tangazo la matanga huko Webuye, chini yake watu wametoa pole, kisha mmoja akauliza kama managu hutiwa maziwa mwanzo ama mwisho. Hilo sikutaka kulifuta. Jikoni watu huongea hivyo hivyo.

Lakini wasomaji walikuwa wanapotea humo, wakalalamika, na kikundi kikaamua tovuti itengenezwe. Sura yake nikapewa mimi, kwa kuwa kwa miaka mingi nilipanga kadi za harusi na vijitabu vya mazishi katika duka la uchapaji mjini. Maneno akapewa shemeji yangu, ndugu ya mume wangu, mtumishi wa serikali kule Bungoma. Shemeji ni mtu wa faili. Ukimpa karanga atazipanga kwanza ndipo ale.

Tulikutana Bungoma Jumamosi moja, kwenye hoteli ya chai karibu na stesheni. Reli ilikuwa kimya, nyasi zimeota kandokando yake, mwendesha baiskeli amelala juu ya kiti chake cha abiria. Mahali kama hapo hata jambo la kipuuzi husikika la busara.

"Shemeji, hii kazi ni lahisi tu," akaniambia, r yake akiwa ameiacha nyumbani kama kawaida. "Tunagawa mara mbili. Vyakula vya asili huku, vyakula vya kuletwa kule. Mtu akiingia anajua yuko wapi."

"Na wewe utakaa upande gani?"

"Mimi niko upande wa chai, bana. Itisha ingine."

Tulicheka. Kurudi nyumbani nikachora safu mbili, moja ya kijani, nyingine ya kahawia, na kusema kweli zilipendeza. Nilizitazama mchana mzima, mvua ikipiga bati, kama mtu anayetazama mto.

Sasa, katika kikundi kuna mama mzee tunayemwita Shosho, yaani nyanya. Wazazi wake walitoka sehemu za kati ya nchi wakaja kulima Trans-Nzoia. Yeye akazaliwa huku, akaolewa huku, akazika mume huku. Shamba lake liko nje kidogo ya mji, na sifa yake ni njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe. Hakuna aliyeandika kwenye tovuti kumshinda. Kila siku akishakula mchana alifungua simu atazame kama watu wamesoma, na ukichelewa kumsifu alikupigia kukukumbusha. Picha yake, akiwa na kitambaa cha kanisa kichwani, aliipenda bila aibu yoyote.

Kuna mwaka, wakati wa fujo za uchaguzi, Shosho alilala na watoto wake katika ua wa kanisa, kwa sababu watu fulani walikuwa wameamua kwamba hapa si kwake. Haongei juu ya mwaka huo. Mimi niliujua kwa vile kila mtu anaujua.

Tovuti mpya ilifunguliwa Jumatatu, na baada ya chakula cha mchana simu yangu ikalia.

"Umeniweka wapi?" akauliza Shosho.

"Uko hapo kwa vyakula vya kuletwa, Shosho. Bonyeza ile ya kahawia."

"Nimebonyeza, nimeona. Nauliza, mimi nililetwa na nani?"

Nikamwambia ni njahi, si yeye.

"Njahi ilipandwa na mama yangu hapa hapa. Mimi nilizaliwa nikaipata kwa shamba. Nitolee vitu zangu. Zote. Mniache nikae kwangu."

Akakata. Niliogopa. Kikundi bila Shosho kingeendelea, tovuti pia. Lakini Shosho alikuwa ameona mstari ukichorwa tena, yeye akiwa ng'ambo, na safari hii mstari wenyewe ulikuwa na rangi nzuri na umenyooka vizuri, kwa mkono wangu.

Shemeji aliposikia alishikwa na huzuni ya kweli. Si mtu mbaya. Akasema dawa ya mtu aliyevunjiwa heshima ni kumrudishia maradufu: tumweke ukurasa wa mbele, picha kubwa, juu ya kila kitu. Maneno akayatunga mwenyewe: "Karibu sana Shosho wetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali ni ugonjwa wake. Mimi niliivuta ile picha mpaka kitambaa cha kanisa kikajaa kioo kizima, nikaona Shosho akitabasamu katika mawingu ya mchana, nikajiambia hapa tumemfikia. Nikaipandisha tovutini.

Hakupiga simu siku hiyo, wala iliyofuata. Shosho asiposema, ujue kuna jambo.

Nikachukua bodaboda nikaenda kwake. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, njia ni tope tupu, na ukungu ulikuwa umefuta vilima vya Cherang'ani nikahisi tunapita mahali ambapo dunia haijamaliziwa. Nilimkuta jikoni, akipukuchua njahi. Hakuinuka kunipokea wala hakunipeleka sebuleni. Alinionyesha kigoda kwa kidevu, nikakaa, nikaanza kupukuchua pamoja naye. Moshi ulipanda taratibu, kuku akaingia akatoka, na maganda yakawa yanapasuka mikononi mwetu. Ningeweza kukaa hapo mpaka nizeeke.

"Kanisani kwenu wageni hukaa wapi?" akauliza hatimaye, bila kuniangalia.

"Mbele."

"Na kwa harusi?"

"Mbele, kwenye tenti."

"Na mwenye boma?"

Nilimwona yule mwenye boma waziwazi: yuko nyuma ya nyumba anauliza kama maji yameletwa, mkewe yuko kwenye sufuria na jasho usoni, na hakuna anayewatafutia viti.

"Mbele ni pa mtu ataenda jioni," akasema Shosho. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hiyo jembe nimeshika tangu nikiwa kasichana, na bado mnanikaribisha? Mnanikaribisha wapi?"

Nikamwuliza basi nimweke wapi.

"Pale wengine wako."

Nilipofika nyumbani nilimpigia shemeji nikamweleza yote.

"Mimi nilikuwa nataka kumheshimu," akasema.

"Najua."

"Futa, shemeji. Na ile mambo ya kijani na kahawia, futa pia."

Tukaipanga upya kwa majira, kama chakula kinavyofika mezani: cha mvua ya kwanza, cha wakati wa palizi, cha mavuno, cha kiangazi. Shemeji alisoma kurasa zote moja moja, akanyoosha sentensi zilizopinda na kuziacha zile ambazo mtu angezitambua kwa sauti. Herufi kubwa nikazipunguza. Njahi ikaangukia kwenye mavuno, kati ya kunde za mama mkwe wangu, yaani mama yake shemeji, na majani ya maboga ya mama mmoja wa Webuye. Picha ya Shosho ikawa ndogo, sawa na za wenzake, hata unapaswa kusogeza kidole ndipo uione.

Kisha tukangoja. Shosho hakusifu, hakulaumu, hakuandika. Kila mchana nilifungua tovuti nikiwa na kusinzia kwangu, nikapita mvua ya kwanza, nikapita palizi, nikafika mavuno, nikakuta yuko vilevile na kitambaa chake, hasemi. Nilianza kuamini kwamba tumempoteza, na liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Halafu mchana mmoja simu ikalia kidogo, mlio ule wa mtu kuandika kwenye tovuti. Alikuwa yeye. Hakuandika kwenye ukurasa wake. Aliandika chini ya mapishi yangu ya mboga ya mrenda, mrenda ninaojivunia mimi mwenyewe, mbele ya watu wa Bungoma na Kitale wote:

"Hii mrenda imezidi magadi. Hata kwa picha inaonekana. Nani alikufunza? Pika ingine ulete nionje."

Mgeni hata ukimpa mawe atasema ni matamu. Nilisoma nikacheka peke yangu, nikasoma tena machozi yakanitoka, kisha nikachukua kikapu nikatoka kwenda kuchuma mrenda.